Macho Aliyoyasoma Wambura

Mtaalamu mmoja alipoendesha semina ofisini kwao Dodoma, aliwaonyesha watumishi picha za macho tu, bila pua wala mdomo, kila mmoja aseme mwenye macho hayo anawaza nini. Alitaka kupima nani anaelewa hisia za wenzake. Wambura, ofisa utumishi, aliwapita wote, akapigiwa makofi. Bupe, mpiga chapa wake, hakupiga.

Wala hakushangaa. Wambura alimjua kila mwenye woga pale ofisini, na hao ndio aliowaonea. Agizo la kupunguza wafanyakazi lilipokuja, wenye midomo hakuwagusa. Alianza na Penina, mjane kutoka Kongwa, kwa kuwa alijua atalia tu kisha aende zake. Na kweli, Penina alilia, akaenda zake.

Wiki iliyofuata akaitwa Bupe.

"Dada Bupe, naona umeogopa," Wambura alimwambia kwa sauti laini, kama anayefariji wafiwa.

"Sijaogopa, bosi. Nakuonea kinyaa."

Wambura alimkodolea macho. "Kwani mimi nimekukosea nini?"

Bupe alimtazama vizuri, akaona hatanii. Mwanamume mzima, na makofi yake yote, kweli hakujua kosa lake. Hata hasira zikamwisha Bupe, ikabaki dharau tupu. Alichukua mkoba wake akatoka, na jioni ile alikuwa mtaa wa Kizota kwa Penina, ambaye sasa alikuwa akishona nguo, wakipanga namna ya kupata cherehani ya pili.