Mashine ya Tatu na Ukingo wa Chumvi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani kompyuta ilikuwa kazi ya wasomi tu. Mimi niliishia darasa la nne, nikavuna chumvi kwenye ziwa la Katwe mpaka mgongo ukakataa. Siku ya kwanza kwenye mkahawa wa intaneti pale Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, nilipewa ufagio. Mwenye duka, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande, alinionyesha mashine sita.

"Fagia. Washa. Tangazo ikitokea kwa kioo, bonyeza Baadaye. Maswali hapana."

Tangazo lenyewe liliomba kusasisha plagini, yaani kipande cha programu kinachobandikwa kwenye kivinjari ili video zicheze. Kusasisha kulikula asubuhi nzima. Nikabonyeza Baadaye kila siku.

Kila siku ya soko alikuja Kavira, mchuuzi wa Butembo, Kongo. Vita vilimtenganisha na mumewe, na barua pepe aliyofunguliwa kwetu, aliyomtumia kupitia wasafiri, ndiyo anwani pekee ambayo mume aliijua.

"Mama, leo iko kitu?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Uso yako iko kali sana. Barua inaogopa kuingia!"

Wiki moja mteja alifungua video ya harusi kwenye mashine ya tatu. Kavira akaitumia mashine hiyo baadaye. Soko lililofuata, nywila yake, neno la siri la barua pepe, ilikataliwa.

Fundi mkuu akaja kutoka tawi letu la Kasese. "Plagini iko na kisanduku cha kumbukumbu, tunaita bafa. Ile ya zamani haipimi inachopokea. Ile video ya harusi ilikuwa mtego wa mwizi: ilizidi kipimo, ikafurika, ikaandika amri zake pembeni. Tangu hapo mashine inamtumia mwizi kila nywila inayoandikwa."

"Kama kiwanja cha chumvi," nikasema. Katwe, maji yakipita ukingo wa udongo, yanayeyusha chumvi ya jirani.

"Ni hivyo, mama. Kusasisha ndiyo kuinua ukingo. Nani alikataa?"

Afande alitazama dari.

"Mimi ndiye nilibonyeza," nikasema. Katwe nilikagua ukingo kila asubuhi bila kuambiwa. Hapa niliambiwa kila asubuhi, nikafunga tangazo.

Fundi alijaribu kuirudisha barua pepe ya Kavira, lakini mwizi alikuwa amebadilisha kila kitu. Kavira aliuliza kitu kimoja: "Sasa bwana yangu ataandika wapi?" Siku tatu za soko alikuja akakaa mbele ya mashine ya tatu, halafu hakuja tena.

Nilihamishiwa tawi la Kasese. Huko nilisasisha kwanza, ndipo nikafungua mlango. Wateja wakapiga kelele nje, meneja akanuna. Niliacha kazi macho yalipochoka. Kama yule mume aliandika, sijui.

Nyumbani kwangu nimeamuru: simu ikiomba kusasishwa, isasishwe hapo hapo. Anayebonyeza Baadaye, chakula chake pia ni baadaye.