Mtani Aliponiita Kaka

Mwaka ule nilipougua, miaka michache kabla ya uhuru, mtaa wetu wa Temeke uliamini kwamba mke wangu ananipiga. Mikono na miguu ilinijaa mabaka ya zambarau, na fizi zilivuja damu kila nilipotafuna. Nilijieleza mpaka nikachoka. Mke wangu wala hakunitetea.

"Waache waseme," alisema. "Siku hizi hata muuza samaki ananiamkia kwa adabu."

Daktari alinieleza kwamba damu yangu imepungukiwa na zile chembe zinazoigandisha, na kwamba mchawi ni kwinini, niliyokuwa nikimeza kila nilipohisi homa. Akaniamuru niiache kabisa, nipumzike, na wembe usiniguse. Niliitikia vizuri. Kisha nikarudi nyumbani nikaificha chupa ya kwinini chini ya mto, maana mtu wa zama zetu angeweza kuacha wali, lakini si kwinini.

Jirani yetu, mama wa Kinyamwezi aliyekaanga maandazi, alikuwa mtani wangu, kwa kuwa mimi ni Mzaramo, na makabila yetu hutaniana hata kwa kifo. Kila asubuhi aliingia bila hodi, akatandaza kanga juu yangu na kunipima sanda.

"Mzaramo weye, mrefu bure! Ile kofia yako ya Idi naichukua mie."

"Kwa kichwa gani ulicho nacho?"

Tulicheka, fizi zikavuja, mke wangu akamfukuza.

Wiki ya tatu mabaka yakaanza kufifia. Alfajiri moja nikahisi kijibaridi, na sikio la kufa halisikii dawa: nikameza vidonge viwili. Kesho yake damu ikanitoka puani, ikakataa kukoma.

Mtani wangu aliingia, akaliona beseni la damu kando yangu. Akakaa kitako sakafuni. Hakunipima, wala kofia hakuitaja.

"Pole, kaka," alisema.

Maishani mwangu sijaogopa vile. Daktari alinionya nikamwona msumbufu, lakini mtani akikuita kaka, ujue kaburi limeshachimbwa. Niliingiza mkono chini ya mto, nikampa chupa. Hakunigombeza, na hilo likanitisha zaidi. Akaenda nayo chooni, nikasikia vidonge vikimwagwa.

Damu ilikoma jioni. Siku nyingi zilizofuata alikuja na uji, akaniuliza hali kwa upole kama mgeni, nami nikawa namtazama mdomoni nikingoja tusi. Hakulitoa.

Baadaye hospitali walinipima damu tena, wakasema chembe zimerudi. Lakini mimi nilikuwa nimeshajua tangu juma lililotangulia, asubuhi ile mlango uliposukumwa bila hodi. Kanga ilinishukia usoni, ikavutwa mpaka miguuni.

"Umenenepa, Mzaramo. Sanda hii haikutoshi tena."

Nililia kwa furaha, mtu mzima na ndevu zangu zisizonyolewa.

"Pima tena," nikamwambia.