Mnunuzi Haambiwi Sababu

Nyumba yetu ya mtaa wa La Rochelle, huku kusini tulikohamia, tuliiuza mwaka 2017, na kabla ya kuiuza niliharibu kila kinachoweza kuharibiwa. Si mimi ninayesema. Dalali ndiye aliyeniambia hivyo, amesimama kwenye veranda yangu, mkononi ana bakuli la sombe, kisamvu chetu, nililomlazimisha kupokea.

Alikuwa mama wa Kizungu, wa makamo, mwenye viatu vya kisigino na haraka nyingi. Jumapili ya kwanza alisimika vibao vyake vya kutangaza nyumba kwenye kona, watu wakaanza kuingia. Mimi nilikuwa jikoni tangu alfajiri. Jamani, watu wamekuja kwako, wengine wamevuka mji kutoka Berea na watoto mgongoni, utawaacha waondoke hivi hivi? Kwetu Bukavu hata aliyekuja kugombana anapewa kiti kwanza. Niliwapa fufu, ugali wetu wa muhogo, na sombe na makayabu, wale samaki wa chumvi ambao harufu yao hukaa kwenye mapazia mpaka katikati ya wiki. Walipomaliza niliwasindikiza hadi getini. Walikula vizuri, wakashukuru vizuri, na hakuna aliyerudi.

"Mama," dalali akaniambia, "hawa si wageni."

"Ni nani basi?"

"Ni wanunuzi. Mtu akishakula kwako anaona aibu kufungua makabati yako. Hawezi kukuuliza paa linavuja wapi. Anakushukuru, halafu anakwenda kununua nyumba ya mtu asiyemjua."

Nilikasirika.

Kosa la pili ndilo lililomtoa dalali jasho. Kila aliyeniuliza kwa nini tunauza, nilimweleza. Mdomo wangu hauna breki, hata marehemu mama yangu alilalamika. Nilisema yote: mume wangu amepotewa na kumbukumbu, peke yangu simwezi tena, binti yetu yuko Durban anatuita, tunataka kuhama kabla baba huyu hajatoka tena barabarani. Bwana mmoja mwenye duka la nguo alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole kwa sauti ya msibani. Kesho yake akaleta bei ya kutupa.

"Unaona?" dalali akasema. "Umemwambia una shida na una haraka. Mnunuzi haambiwi sababu. Ukiulizwa, sema unabadilisha mazingira. Tabasamu, kisha nyamaza."

Rahisi kwake. Lakini shida na haraka kweli nilikuwa nazo. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tulipoinunua ile nyumba kwa mzee wa Kireno, aliyetuachia mzabibu wake nyuma ya jikoni, geti na grili zote za madirisha alizitengeneza mume wangu mwenyewe. Miaka ikapita, watoto wakatoka, na yeye akaanza kupotea kidogo kidogo. Asubuhi moja alitoka na malapa, akasimama kwenye robot, zile taa za magari, za barabara kubwa, akawa anaruhusu magari kupita. Mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, ndiye aliyemrudisha, amemshika mkono. "Eish, Mama, mzee atagongwa huyu." Tangu siku hiyo nilitia kufuli geti. Alikuwa akilitikisa na kumlaani aliyelitengeneza, na mimi nikicheka huku machozi yananitoka.

Kuna asubuhi hakunijua. Aliniita dada, kwa adabu kabisa, akaniuliza mke wake amekwenda wapi. Nilimjibu amekwenda sokoni. Iliniuma, sitaficha. Lakini nyumba aliijua. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye swichi bila kupapasa. Mlangoni mwa jikoni palikuwa na kigae kilichoinuka, kimetukwaza sote na wageni wetu, ila yeye aliinua mguu pale bila kutazama chini. Nilikuwa nikimwona anavyoinua ule mguu, nasema moyoni, huyu bado yupo. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa Durban. Ataamka ndani ya nyumba asiyoijua, na pembeni yake mwanamke ambaye siku nyingine hamjui.

Hata hivyo kuuza ilikuwa lazima, nikanyoosha mikono. Dalali aliagiza, mimi nikafanya. Picha ya harusi ikashuka ukutani, na picha za watoto, na kalenda ya kanisa. Vitambaa vyangu vya kufuma nikavikunja. Kiti cha mume wangu, kilichobonyea umbo lake, kikapelekwa chumba cha uani na kufunikwa shuka. Kuta zikapakwa rangi nyeupe. Fundi akang'oa kile kigae akakilaza sawa. Nyumba ikawa safi kama hospitali ya matajiri, na mimi mwenyewe nilitembea humo nikihofia kugusa.

Na Jumapili tukawa tunaondoka, maana dalali hakutaka kutuona. Nilimpakia mume wangu kwenye gari letu kuukuu.

"Tunakwenda wapi, Maman?" akauliza siku ya kwanza. Maman na Papa, ndivyo tulivyoitana tangu watoto wazaliwe.

"Tunapisha watu, Papa. Wanaangalia nyumba."

Alichoshika ni kipande cha mwisho, cha kuangalia nyumba. Jumapili iliyofuata nilimkuta amevaa koti na tai, tayari kwenda kuangalia nyumba. Sikubishana naye. Tulizunguka polepole Rosettenville yote, mtaa wa jirani, na yeye akazikosoa nyumba moja baada ya nyingine: geti hili limechomelewa na mlevi, paa lile linangoja mvua tu, hapa jirani ana mbwa. Alikuwa na raha. Haki ya Mungu, nami nilikuwa na raha, nikaanza kuingoja Jumapili.

Siku moja dalali alipiga simu tukiwa bado njiani. Mke na mume vijana, waliokuwa wakipanga chumba Berea, wamekubali bei yetu. Hawakula chochote kwangu wala hawakusikia habari yoyote. Tulipofika nilisaini pale pale kwenye ukuta mfupi wa veranda, mume wangu akinisubiri garini. Dalali akanikumbatia, akaondoka na vibao vyake. Kisha nikamfungulia mume wangu mlango wa gari.

Alishuka, akafunga vifungo vya koti. Mlangoni alifuta viatu vyake vizuri, jambo ambalo kwake hakuwahi kulifanya hata siku moja. Akaingia mikono nyuma. Akaziangalia zile kuta nyeupe, akagonga grili ya dirisha kwa kidole.

"Aliyechomelea hizi si mtu wa mchezo," akasema.

Alitangulia kwenda jikoni. Pale mlangoni, kwenye sakafu iliyokuwa sawa kabisa, aliinua mguu.

Akachungulia mzabibu dirishani, akanigeukia. Siku hiyo mimi alinijua. Nyumba ndiyo hakuijua.

"Maman, ndiyo hii. Usitafute nyingine. Tuichukue kabla mtu hajatuwahi."

"Sawa, Papa."

Akanisogelea, akashusha sauti ili wenye nyumba wasimsikie.

"Lakini nyumba nzuri hivi. Kwa nini wenyewe wanaiuza?"

Nilitabasamu.

"Wanabadilisha mazingira," nikamwambia, kisha nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.