Mstari wa Mwezi wa Nne

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyompiga kofi mtoto wa dada yangu. Kabla hujarudi kwenye daftari lako la makuzi ya mtoto, nisikilize kidogo.

Nilikuwa nikisomea ualimu wa watoto wadogo, hapa hapa Nyabiondo. Dada alipokwenda kupalilia maharage aliniachia Furaha, binti yake wa miezi michache. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge, nikatembea uani nikienda na kurudi, nikikariri kwa sauti kama tulivyozoea wote: mwezi wa nne, mtoto hugeukia sauti, mwezi wa saba, huketi bila kushikwa. Nilipiga kelele hadi majirani wakaniita Mama Profesa. Sidanganyi, mistari ile ilinasa. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakusomea.

Mtihani ulipokuja, mwezi wa nne ukaulizwa. Nilipata alama za juu, nyumbani wakachinja kuku.

Furaha alipofikisha miaka mitatu, sote tulimwita kichwa ngumu. Ukimwita haji, ukimkataza haachi. Siku hiyo alikuwa akicheza njiani, na pikipiki ilikuwa inateremka kilima. Nilimwita, nikamwita tena, hakugeuka. Nilimvuta kando, kisha kwa hasira nikampiga. Koko, bibi yangu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, alinishika mkono.

"Ulikuwa unasoma na sauti ya nguvu, mutoto iko ku mugongo yako," aliniambia. "Siku gani alikugeukia?"

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Kwenye kituo cha afya walituambia masikio yaliharibika kwa usaha tangu uchanga. Tungempeleka mapema, huenda wangeokoa kitu. Usaha ule, mwanangu, niliupangusa mimi kwa pembe ya kitenge kila asubuhi, huku nikiendelea kukariri.

Furaha sasa ni mama. Mwanawe akilia, jirani huja kumgusa Furaha bega ili ajue. Nimemwomba msamaha mara nyingi, na neno hilo hajalisikia hata mara moja. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu amekuja kukaa.

Basi soma hivi. Funika daftari, jieleze kwa maneno yako mwenyewe. Rudia kesho, rudia tena baada ya juma, maana haba na haba hujaza kibaba. Na kila mstari uambatanishe na mtoto unayemjua, mwenye jina, kisha nenda kamtazame. Ukikuta mstari na mtoto havipatani, acha daftari, mbebe mtoto umpeleke akaonwe, hata kama mtihani ni kesho.

Mungu akupe alama unazozitaka. Lakini kwanza akupe jicho la Koko, na kila mtoto atakayefungwa mgongoni mwako, ukimwita, akugeukie.