Jina Nililopewa na Viziwi

Leo watoto wasiosikia wamenipa jina, nami nikalipokea kama cheo!

Dada yangu wa Kaoze alinituma Sumbawanga mjini, kwenye shule ya msingi yenye kitengo cha viziwi. Mwanawe Skola ana muhula mmoja bwenini. "Ukimkuta analia, rudi naye."

Nikaenda na begi kabisa, la kurudishia nguo zake.

Kuingia tu darasani, watoto wote mkono mdomoni, vidole vinafunguka na kufungika kama mdomo wa bata. Lugha ya alama mimi naijua kuliko walioisomea. Nikajua hiyo ni shikamoo. Nikawajibu vilevile, na mwalimu mkuu aliyenileta nikamfanyia, kwa heshima zote.

Darasa zima hoi kwa kicheko.

"Mjomba," mwalimu wao akasema huku anajifuta machozi, "hiyo siyo salamu. Ni jina lako. Skola ndiye aliyekupa."

"Maana yake?"

"Mzee wa Maneno Mengi."

Jamani! Mtoto hajawahi kusikia hata neno langu moja, amejuaje?

(Mnaonifahamu, msijibu.)

Skola alikuwa anacheka mpaka anagonga dawati. Nyumbani akinitaka alikuwa ananivuta shati tu, basi. Leo nilipofika mlangoni nikiondoka akapiga mguu sakafuni, nikageuka, akaniita kwa jina.

Begi nimerudi nalo tupu. Dada kauliza, "Mtoto yuko wapi?" Mimi huyu, nikasema maneno matatu tu: "Skola kanipa jina." Nikamwonyesha lile jina.

Akautazama mkono, akanitazama usoni.

"Basi abaki. Anasoma kweli."