Upenu Mfupi

Nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha niliijenga Tunduma wakati wa Mwingereza, vyumba vinne vya matofali mabichi, kwa jasho la migodi ya Rodesia. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Lakini wenye shule walikuwa wakipanga kwangu, na jambo hilo sikulificha.

Mwanzoni niliezeka nyasi. Nyasi zinachosha. Kila baada ya misimu michache uite watu, upike pombe, nao walewe upande mmoja haujaisha. Nikaapa kuweka bati. Mabati niliyopata yalitosha iwapo tu paa litaishia pale ukuta unapoishia. Nyasi zilikuwa zimeshuka mpaka mtu mrefu anainama mlangoni. Mimi nikaukata upenu wote, fito nikazipeleka jikoni zikawa kuni. Kisha nikasimama barabarani kuitazama nyumba yangu inavyong'aa.

Chumba cha mwisho alikaa mjane mmoja, mchuuzi wa chumvi. Alikuwa akiifuata Ivuna inakopikwa, na magunia akiyaegemeza ukuta wa nyuma. Masika ya kwanza chini ya bati, ukuta ule ukaanza kumeguka kwa chini.

Alinifuata mwenyewe. "Baba, njoo uone nyumba yako inavyoliwa."

"Inaliwa na nani?" nikamwuliza nilipoyaona magunia. "Si chumvi yako hiyo?"

"Chumvi iko ndani, baba. Ukuta unaliwa nje."

"Wewe umejenga nyumba ngapi?"

"Hata moja. Ndiyo maana nalipa kwako."

Wapangaji wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomfukuza, si ukuta. Nilimwambia ahame. Akanisihi angalau mvua zikatike, maana chumvi haivumilii mvua. Nikamjibu kwamba chumvi si mwanangu.

Magunia yake yalikaa chini ya kibanda kibovu cha jirani. Nilipita nikaona maji yanachuruzika kutoka kwenye magunia, na chumvi inapungua ndani yake. Nikaendelea na safari yangu.

Sikuishia hapo. Tulipotoka kanisani niliwaonya wenye nyumba wenzangu: watu wa chumvi msiwapangishe, wanakula kuta. Waliniamini. Nani angembishia mtu mwenye bati?

Masika yale yale, ukuta wa chumba cha fundi cherehani nao ukamong'onyoka. Nikatoka nje mvua ikinyesha. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye bati, yanagonga ardhi, yanarukia tofali. Fundi alikuwa mlangoni.

"Mzee, leo tumsingizie nani? Uzi?"

Niliongeza upenu, nikakandika kuta upya, kisha nikaenda kumtafuta yule mama. Nilimkuta anatwanga jikoni kwa kaka yake, humo humo alimokuwa akilala. Nikamwambia chumba chake kipo, arudi, asilipe mpaka biashara isimame tena.

Hakuacha mchi. "Chumba sikitaki, baba. Waambie wenzako ukweli. Nimezunguka mji mzima. Nikitaja chumvi tu, mlango unafungwa."

"Nitawaambia."

Jumapili wakanizunguka kama kawaida, wakitaka kujua habari za bati. Nikawaeleza misumari inavyopigwa. Nikawaambia na upenu wauache mrefu, kana kwamba ni akili niliyokuwa nayo tangu mwanzo. Chumvi sikuitaja. Jumapili iliyofuata nayo ikapita. Niliposikia kwamba yule mama ameacha biashara na kurudi kulima kwao, nilijiambia kulima si aibu, mbona hata mimi nimelima. Maneno hayo hayakunisaidia usiku ule, wala hayajanisaidia mpaka leo.

Wenzangu wale wengi wamekufa, na nyumba wamewaachia watoto. Juzi nilikuwa nimeketi barazani kwa mmoja wa hao watoto, akaja mama mmoja na gunia la chumvi kuulizia chumba.

"Chumvi hatupangishi, mama. Inakula kuta," kijana akasema, kisha akanigeukia. "Si ndivyo, mzee?"

"Ni uongo," nikasema. "Niliutunga mimi."

Kijana akacheka sana, akasema mzee huyu kwa utani hajambo. Nami nilipogeuka kumwita yule mama, alikuwa amekwisha kujitwisha gunia lake na kushika njia.