Picha Niliyoiweka Langoni, Carama

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani, huwa nasema ninapanga picha. Wanadhani mimi ni fundi wa kupigilia misumari, na ninawaacha wadhani hivyo, kwa sababu kueleza kunanichosha. Rafiki yangu mchoraji, Mkongo aliyekuja kutoka upande wa Uvira, ananiita Komiseri, kwa vile kwa Kifaransa mtu anayechagua picha na kuandaa maonyesho huitwa hivyo. Ananiita barabarani kwa sauti kubwa, hasa polisi wakiwa karibu, maana komiseri ni cheo chao pia, ili nione aibu. Nami naona.

Sina shule kubwa. Nilimaliza la sita, mtihani ukanishinda, nikaenda kukaa mtaa wa Mutakura kwa mama yangu mdogo. Mume wake alikuwa na kibanda cha kutengeneza kadri, fremu za mbao zenye kioo. Watu walileta picha za harusi na za ubatizo, lakini zaidi walileta picha za wafu. Hizo zilikuwa na haraka kuliko zote. Mtu amefariki alfajiri, na ndugu zake wanasimama kibandani mchana, hawakai, wanatazama mikono yako. Nilijifunza kukata ubao bila kuwatazama machoni. Nilijifunza pia jinsi picha hiyo inavyowekwa kwenye matanga: juu ya meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cheupe, karibu na lango, ili kila anayeingia asimame kwanza mbele ya uso ule.

Mchoraji alileta kazi zake hapo ziwekwe kadri. Wakati gundi inakauka, nilikuwa nazitundika ukutani, na siku moja nikaona jambo. Picha ya mama anayeuza mawese, ukiiweka kando ya picha ya ziwa, mama yule alionekana anamngoja mtu. Ukiiweka kando ya picha ya baiskeli zilizopakia ndizi, alionekana amechoka tu. Sikuwa na maneno ya kulisema jambo hilo. Nilikuwa nahamisha misumari, nasimama nyuma, nahamisha tena, mpaka baba mdogo akaniuliza ukuta umenikosea nini.

Maonyesho yangu ya kwanza yalikuwa katika saluni ya kusuka nywele, palepale Mutakura. Ya pili yalikuwa Gihosha, kwenye baraza ya mwalimu mmoja aliyependa kazi za mchoraji. Walikuja watu wenye viatu vizuri, wakaniuliza maswali kwa Kifaransa. Nilijificha jikoni nikaosha glasi ambazo zilikuwa safi. Mchoraji alijibu kila kitu peke yake. Baadaye aliniambia, "Komiseri, picha unazipanga vizuri sana. Lakini siku moja itabidi ufungue kinywa."

Siku hiyo ilikuja Carama.

Tulipewa nyumba ambayo haijakamilika, kuta za matofali zimesimama bila paa, na nyuma yake mashamba ya mihogo. Nilizipenda kuta zile. Kwa kuwa mawingu yalikuwa mazito, nilikodi hema na viti vya plastiki kwa mtu anayekodisha vya harusi na vya matanga. Nikasema hakutakuwa na muziki, kwa sababu nilitaka watu watazame kwa utulivu. Na kwa kuwa picha niliyoipenda kuliko zote ilistahili kuonekana kwanza, sikuitundika pamoja na nyingine. Niliiweka langoni. Ukuta wa langoni ulikuwa na unyevu, kwa hiyo nikaomba meza kwa jirani, nikaifunika kwa kitambaa cheupe.

Ilikuwa picha ya mzee mmoja wa mtaa uleule, dereva mstaafu wa malori, mtu wa utani na hasira pamoja. Mchoraji alimchora alipotoka hospitali, siku ambazo hakuwa na nguvu ya kwenda popote. Kila mtu wa Carama alijua kwamba alikuwa ameugua sana. Ninayaandika haya polepole na ninajiuliza nilikuwa na macho ya namna gani. Hema, viti, ukimya, uso wa mgonjwa, kitambaa cheupe. Lakini mimi, kwa miaka yote ya kibandani, sikuwahi kufundishwa njia nyingine ya kuuheshimu uso wa mtu.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja mwenye termosi ya chai. Alisimama mbele ya meza, akainamisha kichwa, akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwihangane," alisema.

Hilo ni neno la Kirundi la kumpa pole aliyefiwa. Nililisikia vizuri, na bado nilidhani anatania, au ananipa pole ya kazi nyingi. Nikasema asante. Akaenda akaketi. Wakaja wengine wawili, kisha jamaa nzima, wanaume wakavua kofia. Walikaa wakiangalia chini. Hakuna aliyezitazama kuta. Mchoraji alikuwa ndani anafunga waya, akatoka, akaona viti vimejaa, akafurahi.

"Komiseri! Watu wote hawa?"

Ndipo nikawasikia wawili walioketi karibu nami.

"Alikufa lini?"

"Mi sijui. Jana nilimuona anavuka barabara."

"Na bibi yake?"

"Yuko soko la Kinama, anauza lengalenga. Nimemupigia simu. Nimemuambia tu aje mbio, sikumuambia kitu."

Mke wa mzee nilimfahamu. Alikuwa na ugonjwa wa presha, na wakati mumewe amelazwa yeye mwenyewe alianguka mara moja kwenye korido ya hospitali. Sasa alikuwa njiani kuja hapa, na kitu cha kwanza ambacho angekiona langoni ni meza yangu.

Ilinibidi kusimama na kusema. Maneno yalikuwa machache tu: hakuna aliyekufa. Nilisimama. Nikaona vichwa vinainuka, na nyuso zile zote zenye huruma zinanigeukia. Badala ya kusema, nilifanya kile ninachokiweza: nilikwenda langoni, nikainyanyua picha ili nikaitundike ndani, katikati ya mama wa mawese na baiskeli, mahali ambapo ingekuwa picha kama picha nyingine.

Mama wa termosi akapiga ukelele. "Wanamuondoa! Hata bibi yake hajamuona!"

Wanawake wengine wakaanza kulia. Nikairudisha picha mezani haraka kama iliyoniunguza.

"Si hivyo," nilisema.

"Anasema nini?"

"Sijasikia. We binti, sema kwa nguvu."

"Hajafa."

"Nani hajafa?"

"Anasema muzee hajafa!" alipaza sauti mwanamume mmoja wa mbele. "Basi sisi tuko hapa tunafanya nini?"

"Ni expo," nilisema. "Ni maonyesho ya picha."

"Maonyesho na kitambaa cheupe? Sababu ya nini mumeweka kitambaa?"

"Na viti!"

"Mi nimeacha nguo zangu kwenye maji nikakuja kulia, kumbe ni sinema?"

Wengine walianza kucheka, wengine walikasirika kweli, hasa waliokuwa wamekwisha kulia. Mchoraji alijaribu kuwatuliza kwa mzaha, akasema kwamba mzee ni mzima kabisa, anakula kuliko yeye. Alikaribia kufaulu. Ndipo mke wa mzee akaingia.

Alikuja kwa miguu, wanawake wawili wamemshika huku na huku. Mmoja alikuwa bado amembebea kikapu chake cha mboga za lengalenga. Akasimama mbele ya meza. Hakulia. Uso wake ulikuwa umekauka, na midomo ilikuwa inatafuta hewa. Nilikimbia nikasimama kati yake na picha, na safari hii sauti ilitoka kabla sijaifikiria.

"Mama, muzee yuko muzima. Ni picha tu. Ni mimi niliiweka vibaya. Muzee yuko muzima."

Alinikamata mkono.

"Umemuona?"

"Mama?"

"Nakuuliza, leo umemuona kwa macho yako?"

Nilikuwa sijamwona. Hakuna aliyekuwa amemwona tangu asubuhi. Alikuwa ametoka kwenda Gihosha kwa mdogo wake, na simu yake, walipoipiga, ilikuwa imezimwa. Nilijua tu kwamba mimi sikuwa nimetangaza kifo chake. Kwamba alikuwa hai, hilo nilikuwa nalisema kama kila mtu anavyolisema kuhusu mtu aliyeachana naye jana. Na mtu ambaye hajapona sawasawa, amepanda kilima peke yake, mvua inakuja, simu imezimwa. Nilimwona mama yule akiyafikiria hayo, na nikayafikiria pamoja naye. Kicheko cha watu kilikatika.

"Sijamuona," nilisema.

Mchoraji alichukua baiskeli ya mtu akaondoka kwenda Gihosha. Kutoka Carama ni mbali, na mwishoni ni mlima. Sisi tukabaki tunangoja. Hakuna aliyetaka kuondoka, kwa sababu sasa haikujulikana kama wanaondoka kwenye maonyesho au kwenye msiba. Mke wa mzee alipewa kiti lakini hakuweza kukaa. Alikaa, akasimama, akakaa. Mkono wake ulikuwa umekamata mkono wangu, na niliusikia moyo wake ukipiga kwenye kiganja, au labda ulikuwa wangu.

"Hizi za ukutani ni nini?" aliuliza ghafla.

"Ni picha, mama."

"Naona ni picha. Nionyeshe. Nikikaa hapa nitakufa mimi."

Tukaingia ndani ya kuta. Nilimwonyesha mama wa mawese. Nilimwambia, kwa sauti ndogo kwa kuwa alikuwa karibu, kwamba mchoraji alimchora bila kumaliza mikono, na kwamba mimi niliomba aiache hivyo, kwa sababu mikono ya mtu anayeuza haitulii. Aliitazama. "Ni kweli," alisema. "Yangu pia." Tukaenda kwenye ziwa. Aliuliza kwa nini maji ni ya kijani wakati ziwa ni la bluu. Tukaenda kwenye baiskeli, akasema kwamba yule wa tatu atapasukiwa tairi. Kila alipouliza alikuwa anageuza kichwa kuelekea langoni, kisha anarudi kuuliza tena kwa haraka. Nilijibu kila kitu. Sijawahi kuongea namna ile. Niliogopa kwamba nikinyamaza atasikia kile tulichokuwa tunakiogopa wote wawili.

Nilipogeuka, watu walikuwa nyuma yetu. Walikuwa wanatufuata, wameshika kofia zao, wanasikiliza.

Tulikuwa tumeirudia picha ya ziwa simu ilipolia. Alikuwa mchoraji. Nilimpa mama simu, kwa sababu sikutaka niwe mimi wa kulisikia kwanza. Akaiweka sikioni. Tukasikia sauti ya mzee sote, alivyokuwa anapiga kelele.

"Nani ameniua? Mwambie huyo mutu aningoje hapo hapo!"

Mama alifunga macho. Kisha akamgombeza, palepale, mbele yetu, kuhusu betri ya simu, kuhusu kofia aliyoiacha nyumbani, kuhusu mdogo wake asiyekuwa na akili ya kumrudisha mapema. Alimgombeza mpaka machozi yakaanza kumtoka. Watu wakapiga makofi. Mama wa termosi akaanza kugawa chai.

Mzee alifika amebebwa nyuma ya baiskeli. Alisimama mbele ya meza, akajitazama, akasema kwamba masikio yale si yake. Alitaka kupigwa picha kwa simu akiwa kando ya uso wake uliochorwa, na karibu nusu ya Carama ikapanga mstari. Mchoraji alisema hayo ndiyo maonyesho yetu bora. Labda ni kweli. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya kazi: sisimami mbele ya watu, namchukua mtu mmoja, natembea naye kando ya ukuta, na wengine wakitaka wanatufuata. Nimefanya hivyo katika maonyesho yote yaliyofuata, hata mbele ya wenye viatu vizuri. Na sitoi uso wa mtu yeyote hadharani kabla sijaenda kuketi na watu wa nyumbani kwake.

Lakini jioni ile, tulipokuwa tunakunja hema, mke wa mzee alinijia. Alikuwa ameichukua picha mezani na kuibana kwapani, uso wa mumewe umeelekea mbavu zake.

"Hii inakwenda kwangu," alisema.

Nilisema ndiyo. Mchoraji naye alisema ndiyo.

"Sitaitundika. Itakaa nyuma ya kabati. Siku itakapotakiwa kutoka, nitakuita. Utakuja wewe kuiweka, namna hii hii ulivyoiweka leo. Uliiweka vizuri."

Aliondoka na wale wanawake wawili, mzee akiwatangulia, bado anabishana kuhusu masikio.

Mzee yuko hai ninapoandika haya. Mke wake hunipigia simu mara kwa mara, kunisalimu tu, kuniuliza kama nimekula, kama nina maonyesho mapya. Kila jina lake linapotokea kwenye simu, mimi huacha iite kidogo. Kisha napokea, na kabla hajasema lolote ninamuuliza, "Mama, muzee?"

"Yuko hapa," hunijibu. "Anakula."

Ndipo ninakaa chini, na tunaanza kusalimiana.